Udongo wa Shamba Lako

S.L.P. 214,
Ukunda, Kwale.
Tarehe 21 Februari, 1999.

Mpendwa dada yangu Kanyiva,

Shikamoo dada. Nakuamkia kwa jina la Bwana wetu, na kabla sijaandika neno jingine nataka kujua u hali gani. Kile kifua ulichosema kinakubana vumbi linapovuma, je, kimekuachia? Na macho? Uliandika kwamba siku hizi unasahihisha madaftari ya watoto ukiwa umekaa mlangoni ili upate mwanga. Usijilazimishe sana. Wanafunzi wako wa Lodwar watangoja alama zao siku moja zaidi na hakuna atakayeumia.

Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mke wangu Mumbe ana goti linalouma na kuacha, naye hakosi kulitaja saa ya kuteka maji. Binti yetu Dianah amepata kibarua cha kupika kwenye mashua zinazopeleka watalii kisiwani Funzi, siku tatu kwa wiki. Watalii wamepungua mno tangu zile vurugu za mwaka wa tisini na saba, lakini anasema hao wachache wanaokuja wanakula kama watu kumi. Joto ni kali. Embe zimekwisha na korosho tunamalizia kuokota.

Barua yako ya mwezi wa kwanza niliipata. Najua umengoja jibu. Nimekaa nayo wiki tano ndani ya Biblia yangu. Kila nikifungua kusoma naiona, nafunga. Mumbe aliponiuliza umesema nini nilimwambia unatusalimia. Ilikuwa kweli, lakini si yote. Juma lililopita aliisoma mwenyewe, akaja akakaa karibu nami akasema, "Baba Dianah, huyu mtu anakuja kujenga. Utamwonyesha nini?"

Kwa hiyo nakuandikia, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Ukishafika mwisho kasirika, ni haki yako.

Umesema unastaafu mwezi wa nane, na kwamba likizo ya Aprili utakuja na fundi apime msingi wa nyumba kwenye lile shamba alilokupa baba, pale juu penye mikorosho mitatu. Dada, mkorosho umebaki mmoja. Pale ilipokuwa ile miwili mingine ni shimo. Aliyeruhusu shimo hilo lichimbwe ni mimi.

Nimeshaliandika. Nilidhani mkono utakataa.

Sasa acha nikueleze ilivyokuwa, si ili nijitetee, bali ili usije ukalisikia kwa mtu mwingine likiwa limepindishwa. Unajua kazi yangu imekuwa jaani tangu mwaka wa themanini na nane. Nasimamia pale zinapomwagwa taka za mji na za hoteli za Diani. Watu hudhani kazi ya jaa ni kumwaga. Kazi yenyewe ni kufunika. Taka za siku zikiisha kushushwa, jioni tingatinga huzisukuma na kuzikanyaga zikae pamoja, kisha juu yake hutandazwa udongo unene wa shubiri moja, mpaka usione hata karatasi. Usipofunika, mbwa wanafukua, kunguru wanajaa, na nzi hawahesabiki. Ukifunika, kesho yake unapita hapo juu na kandambili zako. Nilijivunia kazi hiyo. Bwana Fondo, afisa wa afya, alikuwa akileta watu wa mahali pengine waje waone jaa lisilonuka.

Udongo ulitoka kwenye machimbo ya kaunsili ng'ambo ya mto. Halafu ikaja ile mvua ya Elnino.

Mvua ile nilikusimulia, lakini hili sikukusimulia. Novemba ya mwaka ule mto uliondoka na daraja, na machimbo yakabaki upande wa pili. Taka ziliendelea kuja, maana watu hawaachi kula kwa sababu kunanyesha. Ikapita siku moja bila udongo, zikapita tatu, zikapita tano. Siku ya tisa ukuta wa jikoni kwetu ulikuwa mweusi kwa nzi, na kipindupindu kilikuwa kimekwisha ingia wilayani. Jirani yetu Esha, yule muuza mahamri wa njia panda, mwanawe Kibwana akaanza kuhara na kutapika. Alikuja kwangu amemfunga mtoto mgongoni kwa leso, mvua inawanyeshea wote wawili, na nilipomkaribisha ndani alikataa.

"Kitonga," akaniambia, "si wewe unayetuambia kila siku kwamba hakuna ajuaye kufunika taka kama wewe? Basi funika."

Nikamwambia udongo hakuna, daraja limekwenda.

"Udongo hakuna?" Akapiga mguu chini pale aliposimama, tope likamrukia mpaka magotini. "Na hii ni nini, unga wa sima?"

Akaenda zake zahanati kwa miguu. Nilibaki nimesimama kama mtoto aliyekosa hesabu ubaoni.

Dereva wa tingatinga, Randu, alikuwa amekaa barazani kwangu amesikia yote. Randu ni mtu wa maneno machache na yote ya kuudhi. Akaniuliza, "Mzee, lile shamba la juu si la kwenu? Liko hatua mia mbili kutoka jaani. Udongo mwekundu, hauna jiwe hata moja."

"Ni la dada yangu."

"Kwani dada yako anakula udongo?"

Nikamwambia, "Chukua kidogo tu, upande wa chini. Daraja likijengwa tunaacha."

Nililisema neno hilo, dada, kama mtu anayegawa maji ya mtungini mwake. Sikukuuliza. Barua siku zile ilichukua mwezi kukufikia, nikajiambia mtoto mgonjwa hawezi kungoja mwezi, na hilo lilikuwa kweli. Taka zilifunikwa jioni ile ile. Nzi wakapungua. Kibwana akapona, kwa rehema za Mungu na yale maji ya chumvi na sukari ya zahanati. Kama mambo yangeishia hapo ningekuandikia mara moja, nawe ungenijibu kwamba nimefanya vizuri, maana nakujua.

Hayakuishia hapo. Daraja lilijengwa mwezi wa sita, lakini lori la udongo lilikuwa limepelekwa kutengeneza barabara zilizoharibika, likawa linatufikia mara moja tu kwa wiki. Randu akaendelea kuchimba palepale, nami nikaendelea kunyamaza kwa sababu nilikuwa nimenyamaza mwanzo. Kila jioni nilisema kesho nitamzuia. Kila jioni tingatinga lilipanda kule kwako na kushuka likisukuma udongo mbele yake. Mkorosho wa kwanza ulianguka mwezi wa nane. Wa pili niliukuta umelala nikitoka ibadani. Na jaa langu likazidi kusifiwa. Mwaka mzima nimesifiwa kwa udongo wako.

Na nilijua ni udongo wa namna gani. Nilikuwepo siku baba alipogawa. Wazee waliokuja kushuhudia walimwambia, "Mwanzia, binti hapewi ardhi, ataolewa." Baba akawajibu kwamba wewe ndiye uliyelea nyumba yake mama alipofariki, na kama hukupata mume kwa sababu ulikuwa ukitupikia sisi, basi hutakosa mahali pa kulala. Kisha akanitazama mimi, akasema nikulindie. Mimi, ambaye herufi hizi ninazokuandikia ulinifundisha wewe, kwa kidole, kwenye majivu ya jikoni.

Jumapili moja mchungaji alihubiri habari za mali ya mtu asiyekuwepo. Sidhani alikuwa akinisema mimi. Nilitoka nje nikajifanya nakohoa.

Siku ilipofika barua yako nilipanda kule juu nikalipima shimo kwa miguu. Urefu wake ni hatua ishirini na nane, upana hatua kumi na tisa. Nikishuka ndani, ukingo unanipita kichwa. Chini kabisa udongo mwekundu umekwisha, ni changarawe nyeupe na dimbwi la mvua za vuli ambalo lilikuwa bado halijakauka. Nilikaa humo kwa muda. Nilisali, lakini sitaki kukudanganya, sehemu kubwa ya muda ule nilikuwa nikifikiria uwongo gani utafaa.

Kesho yake asubuhi nilimwambia Randu kuanzia leo hatupandi kule.

"Na jioni tutafunika na nini?" akaniuliza. "Na sala?"

Nikamwambia sala nitaleta mimi, yeye alete tingatinga.

Nilipanda Kwale kwa Bwana Fondo nikamweleza yote, hata ya baba. Hakunikemea, ingawa nilikuwa nimejiandaa kukemewa. Alisema si lazima kila siku iwe udongo. Kuna mahali wanatumia vitu vingine kufunikia taka za siku, mradi kitu chenyewe kizuie nzi, ndege na harufu, na kisishike moto. Udongo wa lori wa mara moja kwa wiki unatosha kukamilisha. "Tazama ulicho nacho karibu," akaniambia, "ujaribu."

Nilichokuwa nacho karibu ni makumbi ya nazi. Kila nyumba huku ina lundo la makumbi nyuma. Tuliyabeba, tukayapondaponda, tukayatandaza, na siku ya kwanza na ya pili nilijiona mtu mwenye akili nyingi. Siku ya tatu lori la hoteli moja likamwaga jivu la jikoni lililokuwa bado lina makaa. Dada, nimeishi pwani hii tangu nikiwa na miaka kumi, na kila siku ya Mungu Mumbe anawashia moto kwa makumbi, na haikunijia akilini. Yalifuka siku mbili mchana na usiku. Randu alikohoa wiki nzima, na kila alipokohoa alinitazama.

Baada ya hapo tukajaribu unga wa mawe kutoka Waa, ile poda nyeupe inayobaki mashine zinapokata matofali ya mawe ya matumbawe. Imelala kule malundo kwa malundo na wenye machimbo wanaomba mtu aiondoe. Hiyo ni nzuri sana. Ni nzito, haiwaki, na nzi hawaipendi. Lakini malori ya mawe hupita kwetu mara mbili tu kwa wiki, na taka huja kila siku.

Kilichotuokoa kilikuja chenyewe kama taka. Hoteli moja iliyofungwa baada ya zile vurugu ilitupa maturubai ya mahema yake ya bustanini, makubwa, yenye mistari myekundu na myeupe, yamechanika hapa na pale. Randu alitaka kuyazika. Nilimwambia ngoja. Mumbe alikusanya akina mama watano wa kanisa, na Esha akaja pia na shazia yake mwenyewe, ile sindano ndefu ya kushonea magunia. Walikaa siku tatu uani kwetu wakishona, viraka vya magunia ya sukari juu ya turubai, akina mama wa kanisa wakiimba nyimbo zao na Esha akiwaambia wanashona polepole kwa sababu wanaimba. Walipomaliza tulikuwa na vitambaa viwili, kila kimoja kinafunika taka za siku nzima.

Jioni tunatandaza watu sita, tunakandamiza kingo kwa tairi kuukuu. Asubuhi tunakunja, taka mpya zinamwagwa juu ya zile za jana, na jioni tunatandaza tena. Hatutumii hata konzi moja ya udongo mpaka Alhamisi, lori linapokuja. Ile asubuhi ya kwanza tulichelewa kukunja. Wapita njia wakaona kwa mbali mistari myekundu na myeupe imetandazwa kilimani, na vikongwe wawili wakakata njia kuja kuuliza harusi ya nani. Mmoja alikuwa ameshika mchele wa kumtunza bibi harusi. Esha akawaambia, "Kaeni, bibi harusi bado anaoga," na walikaa kweli, dada, mpaka Mumbe alipowahurumia akawapa chai.

Hii ni wiki ya tatu sasa. Tingatinga halijapanda shambani kwako hata siku moja tangu barua yako ifike. Nilitaka nisimamishe kwanza ndipo nikuandikie. Hiyo ndiyo sababu moja ya kuchelewa. Sababu ya pili ni woga, na sitaki kuificha nyuma ya ile ya kwanza.

Lakini kuna jambo limeingia ambalo halingoji. Siku kumi zilizopita watu wa kamati ya kaunsili walikuja kuyaona maturubai. Waliyapenda. Walipokuwa wakizunguka wakaliona shimo. Mmoja wao akasema jaa letu linakaribia kujaa, na shimo lile liko tayari, liko karibu, kwa nini taka zisianze kumwagwa humo. Wenzake wakatikisa vichwa kukubali.

Nikasema, "Hapo ni kwa dada yangu. Anajenga."

"Ana karatasi?"

Karatasi hakuna. Unajua shamba lote bado liko kwa jina la baba, na alivyogawa ni kwa maneno. Wazee walioshuhudia wamebaki wawili. Nimewaona wote wawili na wamekubali kusema mbele ya mpima ardhi atakapokuja mwezi wa nne. Lakini kamati inakaa kabla yake, tarehe 26 Machi. Bwana Fondo alinivuta pembeni akaniambia nilete barua ya mwenye shamba, iliyoandikwa kwa mkono wake, ikisema kwamba shamba ni lake na hataki taka zimwagwe humo. Anasema barua hiyo itasomwa. Neno langu peke yangu halitoshi, na nadhani unaelewa kwa nini. Mtu aliyeruhusu kuchimba atazuiaje kufukia?

Sasa kuhusu nyumba. Nimezungumza na Mumbe, na yeye ndiye aliyesema kabla yangu. Tunataka uchukue upande wetu wa juu, pale ilipokuwa nyumba ya baba, karibu na kisima. Nimeupima, ni sawa na shamba lako na hatua sita zaidi. Udongo wake haujaguswa. Sisi tutachukua lako, na shimo lake. Malori ya Waa yamekubali kulijaza kwa unga wa mawe kidogokidogo, na juu tutaweka udongo. Fundi mmoja wa huku anasema mahali palipojazwa hapabebi nyumba mpaka miaka mingi ipite, lakini migomba haitajali.

Na kama unataka lile lile alilokupa baba, kwa sababu ni yeye aliyekupa, nalo naelewa. Tutalijaza hata kama itachukua mpaka nizeeke, na utakaa kwetu ukingoja. Chumba cha Dianah kina dirisha la upande wa mashariki. Sitakuchagulia tena, dada. Nilikuchagulia mara moja.

Ninachoogopa si hasira zako. Nilizizoea nikiwa mdogo na zilinifaa. Ninaogopa usije ukasoma barua hii, ukaikunja, ukaamua kwamba huku hakuna kwenu tena, ukatafuta chumba cha kupanga huko Lodwar uzeekee miongoni mwa watu wasiojua jina la mama yako. Jambo hilo ndilo linaloniamsha. Nimemwomba Mungu msamaha na naamini amenisamehe, kwa sababu ameahidi. Wewe hukuahidi chochote, na kwako naomba kama mtu asiyedai.

Mumbe anakusalimia sana, anasema atakulimia mchicha kabla hujafika. Dianah anamwamkia shangazi yake na anataka kujua kama bado unakunywa chai bila sukari. Esha naye anakusalimia ingawa hamjaonana. Anasema mtoto wake yu hai kwa udongo wako, na kwamba nisipokuandikia ukweli atakuandikia yeye. Nisalimie yule mwalimu mwenzako anayekupelekea maji, na watoto wote wa darasa lako. Bwana akufunike kwa mkono wake, akulinde na jua na vumbi, akuongoze njia yote ya kurudi.

Barua siku hizi inachukua wiki mbili kwenda na mbili kurudi. Nimehesabu, na ukiandika siku utakayoipokea hii, itanifikia kabla kamati haijakaa. Ile ya kamati iandike kwenye karatasi yake peke yake, utie sahihi. Yangu iandike nyuma ya chochote, hata kama ni mstari mmoja, hata kama ni mstari mkali. Tafadhali, dada, nijibu upesi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,
Kitonga Mwanzia.